Kina cha Maji Barabarani

14 Januari 1993

Mwanangu Karani,

Salamu kwanza, maana nikianza na shida utasema shangazi hakujui ila akiwa na haja. Mimi mzima. Baba yako naye mzima, ila huyo kaka yangu kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi ukaidi. Wiki iliyopita alipanda juu ya paa mwenyewe kuziba panapovuja. Ameshuka salama, na paa bado linavuja. Cherehani yangu inalia upande wa gurudumu lakini inashona. Ile meza uliyokaa utoto wako wote ukiniandikia vipimo vya wateja, mpaka tukakubandika jina la Karani, sasa imejaa vitambaa, na mkasi nikiuhitaji nautafuta asubuhi nzima.

Sasa haja yenyewe. Unakumbuka barabara ya mbele ya duka langu, ile ya mashimo. Mwaka jana imetiwa lami, ikapanuliwa, inang'aa kama kiatu cha mgeni. Tulishangilia sana. Zamani gari likifika hapa lilikwenda mwendo wa bibi harusi. Sasa yanapita kama yanafukuzwa. Upande wetu ni nyumba na maduka, upande wa pili ni zahanati na shule, kwa hiyo kila mwenye homa na kila mwenye daftari lazima avuke. Mwezi wa kumi tuliandika barua Wizara ya Usafiri kuomba kivuko. Mimi ndiye niliyeiandika, na watu arobaini na watatu wakatia sahihi, wengine dole gumba. Mpaka leo kimya.

Fundi baiskeli, jirani yangu wa ukuta mmoja, ana nusu debe la rangi nyeupe iliyobaki zahanati ilipopakwa. Anataka achore mistari mwenyewe. Nimemkatalia. Nimemwambia kuchorachora barabara ya serikali ni uhuni, na isitoshe sisi tuna mtu wetu humo humo ndani. Nimewaambia wote, Karani. Nimesema kila barua inayoingia Wizarani inapita mkononi mwa mwanangu. Siku hizi hata waliokuwa wakinipita kama kigingi wananiamkia kwa adabu.

Basi tazama barua yetu imekwama wapi, unijibu.

Shangazi yako


20 Februari 1993

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Nimefurahi kusikia baba hajaanguka. Mwambie aache mambo ya paa, amwite fundi, ujana ulishaondoka. Mimi sijambo, ila chumba nilichopanga kina joto, na mwenzangu wa chumba cha pili anaimba akifua, naye anafua kila siku.

Ofisini ni vilevile. Masjala yetu ina dirisha moja lisilofunguka na feni yenye mapanga mawili, la tatu halijulikani lilikokwenda. Barua zinakuja kwa magunia. Sisi ndio tunaozifungua, tunaziandika kwenye daftari, tunaandika pembeni kwa wino mwekundu ziende idara gani, kisha zinapelekwa. Maana Wizara hii, shangazi, ni kubwa. Kila kinachosogea nchini, kiwe na magurudumu, mabawa au usukani wa majini, kina meza yake humu ndani, na kila meza ina mwenyewe asiyependa kuguswa.

Kuhusu ombi lenu, napenda kukujulisha kuwa limepokelewa na linashughulikiwa. Wape watu salamu, waambie wavute subira.

Jambo jingine: mwezi wa sita kamati itakaa kuamua kama nitathibitishwa kazini au nitarudishwa nyumbani. Tulioajiriwa pamoja tuko wanne. Niombee.

Mwanao, Karani


11 Machi 1993

Mwanangu,

Hatujambo. Kuku wa baba yako ametotoa saba, amebaki na watano, na baba yako anamshuku paka wangu. Paka wangu hana meno, lakini ndugu yangu huyo ukimwambia hasikii.

Barua yako niliisoma mara mbili. "Napenda kukujulisha." Tangu lini mimi na wewe tukajulishana? Na linashughulikiwa na nani? Mwenye kushughulika si ana jina, ana kiti? Nilikuwa natafuta jibu la kukupa, Wizara yenyewe ikanijibu kabla yako. Imeleta bahasha kubwa yenye mhuri. Nikawaita watu dukani, nikavaa hereni, nikaisoma kwa sauti.

Sikiliza walichotuandikia. Wanasema wamepokea ombi letu la kivuko kwa furaha. Kabla ya kuendelea wanaomba tuwatumie vipimo hivi: kina cha maji wakati wa kiangazi na wakati wa masika, upana wa mto kutoka ukingo hadi ukingo, idadi ya mitumbwi inayovusha watu kwa sasa, na kama pana mahali pa kujenga gati. Barua yetu wameirudisha humo humo, wakasema tuijaze upya pamoja na fomu.

Karani, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi baiskeli alitoka na utepe wangu wa kupimia, akainama katikati ya barabara, akarudi akasema kina cha maji hakuna, ila siku ya mvua yanafika kwenye kifundo cha mguu, na mtumbwi ni mmoja, wa kunyweshea ng'ombe. Na mimi nilicheka. Kisha nikaona wanavyonitazama, kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikuwa nimevaa hereni, mwanangu.

Mle kwenye barua tulieleza yote: lami, magari, zahanati, watoto wa shule. Kuna mtu kwenu aliyesoma neno moja la juu akaacha mengine yote. Ni nani huyo?

Fundi baiskeli amerudia maneno yake ya rangi. Nimemwambia asubiri, mwanangu atarekebisha.

Shangazi yako


2 Aprili 1993

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini kuku watano bado ni watano.

Nimesikitika sana kwa yaliyotokea. Nimeulizia. Ni kosa la mtu wa masjala, mmoja wa hawa wageni wa kazi. Barua zikiwa nyingi wanasoma kichwa cha habari tu. Kichwa kilisema OMBI LA KIVUKO, akaona kivuko, akaandika "Vivuko" pembeni, barua ikaenda Idara ya Vyombo vya Majini badala ya Barabara. Mkuu wa idara ile tunamwita Nahodha, ingawa hajawahi kupanda hata ngalawa. Nacho kivuko anachokijua ni kile cha kubeba malori na ng'ombe. Ukimtajia kivuko cha watembea kwa miguu anauliza kina uzito gani.

Sasa iko hivi. Jalada likishafunguliwa kwa Nahodha haliwezi kuhamia Barabara hivi hivi. Aliyekosea ndiye anayetakiwa kuandika dokezo, akiri kosa, aweke sahihi, Mkuu wa masjala apitishe. Ni utaratibu. Bila dokezo, kila idara itasema si lake, na ombi litapigwa danadana mpaka karatasi iwe njano. Nitahakikisha huyo mtu anaandika. Ila unajua watu na kazi zao, kila mtu anaogopa mwezi wa sita. Mvumilieni.

Hiyo barua yenu ya mwanzo mliyorudishiwa, si vizuri ikazagaa mikononi mwa watu. Ikiwezekana nitumie mimi.

Mwanao, Karani


9 Juni 1993

Kwa Karani,

Shangazi yako anakusalimu. Mwandiko huu si wake, ni wangu mimi fundi baiskeli. Ananitamkia na mimi naandika, maana anasema macho yanamsumbua. Nikikosea herufi usinicheke, mimi nimezoea spoku.

Anasema hajambo. Baba yako hajambo, na siku hizi analala hapa hapa dukani, anasema paa lake linavuja. Cherehani imepumzika kidogo. Anasema ukae ukijua cherehani nayo ni kiumbe, ikichoka ipumzike.

Anauliza, yule mtu wa masjala ameshaandika dokezo? Anasema usimkaripie. Anasema huenda ana mama au shangazi anayemtegemea, na kamati ikae kwanza. Hapo nilimwuliza kwa nini anamtetea mtu asiyemjua, akaniambia niandike ninachoambiwa.

Ile barua ya mwanzo anasema imepotea.

Nilitaka kuongeza jambo langu, amekataa.

Fundi baiskeli, kwa niaba ya shangazi yako


30 Juni 1993

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa macho. Nina habari njema: kamati imekaa, nimethibitishwa! Kati ya wanne tumepita watatu. Mkuu wa masjala alinipa mkono mbele ya watu wote, akasema mimi sina doa kwenye jalada langu. Nilitamani ungekuwepo. Wenzangu walinifanyia tafrija ya chai, na hata Nahodha alikuja.

Kwa kuwa macho yanakusumbua, nimekununulia miwani. Nimempa dereva wa basi la kwenu, mtu mwaminifu. Ni ya kusomea. Ukiivaa utaona tundu la sindano kama dirisha. Uivae usione haya.

Lile jambo la dokezo bado lipo kwenye taratibu.

Mwanao, Karani


18 Agosti 1993

Shangazi,

Shikamoo. Leo siulizi kuku wala paa. Nimeanza barua hii mara tano.

Juzi kati ya barua za asubuhi ilikuja taarifa ya ajali kutoka kwa mhandisi wa barabara wa kwenu. Hizo huja kila wiki, nazipiga mhuri, naandika pembeni, zinaenda. Mhuri ulikuwa umeshatua ndipo nikaona jina la mji. Nikaisoma yote, Shangazi. Yote, mpaka mwisho. Nakunakilia ilivyosema: "Mtembea kwa miguu, mwanamke, miaka 61, fundi cherehani. Aligongwa na gari dogo tarehe 27 Aprili saa saba mchana akivuka kwenda zahanati kupeleka sare za wauguzi. Amevunjika mkono wa kulia na nyonga. Mahali hapo hapana alama za kuvukia. Wananchi wanadai waliomba Wizarani, hawakusaidiwa."

Nilikwenda msalani nikajifungia. Macho, uliniambia. Na mimi nikakuletea miwani. Wewe umelala na nyonga iliyovunjika na mimi nakutumia miwani, na kukusimulia chai.

Sasa nikwambie, na ukitaka usinijibu tena, ni haki yako. Yule mtu wa masjala ni mimi. Hakuna mgeni wa kazi. Ilikuwa Ijumaa alasiri, gunia la mwisho, nilitaka kuwahi nyumbani. Nikasoma mstari wa juu, nikaandika "Vivuko", nikaitupa kwenye sanduku. Sikuona hata mwandiko wako, mimi niliyejifunza kusoma kwa mwandiko huo. Ulikuwa ukinifundisha pima mara mbili, kata mara moja. Mimi sikupima hata mara moja.

Hilo ni kosa, na kosa mtu hukosea. Linalonila ni lililofuata. Uliponiandikia Machi nilifungua daftari siku hiyo hiyo, nikakuta wino wangu. Dokezo ni karatasi moja. Ningeandika mistari minne na sahihi. Lakini kamati ilikuwa inakuja, nikasema nitangoja Juni ipite. Juni ikapita, nikapewa mkono kwa kuwa sina doa, nikaona sasa nikiandika wataniuliza mbona ulinyamaza. Nikanyamaza tena. Nikakuandikia kwamba kuna mtu anaogopa, na mtu mwenyewe ni mimi, nikajionea huruma kupitia kwako. Nimekuwa mwongo, Shangazi, tena mwongo wa kuandika kwa mkono mzuri.

Juzi niliandika dokezo. Nikaweka sahihi, nikaeleza na tarehe niliyojua. Mkuu wa masjala alilisoma akiwa ameuma kijiti cha kiberiti. Nilingoja anifokee. Alisema tu:

"Ungelileta Machi, ingekuwa karatasi tu."

Nimepewa onyo la maandishi. Wala halikuniuma, nilikuwa nataka liniume zaidi. Jalada nililichukua mwenyewe kwa Nahodha, nikalipandisha Barabara. Ni milango miwili na ngazi thelathini na sita. Nilitazama saa nikifika juu. Dakika nne, Shangazi. Kazi ya dakika nne.

Mkuu wa Barabara alisaini siku hiyo hiyo, akasema mbona hili jambo dogo. Wafanyakazi watakuja kwenu Septemba.

Nimeomba ruhusa nije nikuuguze, kisha nikaiondoa ruhusa mwenyewe. Sina uso wa kukutazama, wala wa kupita mbele ya wale watu arobaini na watatu. Niambie nifanye nini.

Karani


23 Oktoba 1993

Mwanangu Karani,

Usishtuke kwa mwandiko, ni mkono wa kushoto. Fundi baiskeli alitaka kuniandikia, nimemfukuza. Ya leo si yake.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkono huu ni mjinga, mstari mmoja nusu saa. Ya pili, nilikasirika. Nilikasirika sana, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, maana maneno ya kinywani upepo huyachukua, lakini ya barua mtu huyatoa sandukuni akaumia upya. Sasa nimepoa, ila si kwamba yamekwisha. Nyonga inauma nikikaa na inauma nikisimama. Kupiga cherehani kwa miguu sitapiga tena. Nimemwachia binti wa jirani, mimi nakata tu. Nakwambia haya kwa sababu umeniandikia ukweli, na huu nao ni ukweli.

Wafanyakazi wa Wizara walikuja mwezi uliopita. Watu wanne, ndoo mbili, kamba na brashi. Walianza asubuhi, adhuhuri walikuwa wanakula kivulini kwa fundi baiskeli. Mistari kumi na mmoja, nimeihesabu. Na vibao viwili vyenye picha ya mtu anayetembea. Jioni baba yako alinishika mkono, nikavuka na fimbo. Lori likasimama. Kubwa, limejaa mbao, likasimama na kuningoja mimi, kikongwe wa fimbo. Baba yako alilipungia mkono kama waziri. Watu walipiga makofi, na mimi nililia pale katikati, na walidhani ni furaha.

Sasa yangu. Wewe umekiri yako, na mimi sitakufa na yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilijua, Karani. Nilijua tangu Machi.

Barua yetu iliporudi nilikuwa naisoma mbele ya watu, nikaona pembeni, kwa wino mwekundu, "Vivuko". Ile v yako yenye mkia unaopinda kushoto. Nani alikufundisha v hiyo, kama si mimi, kwenye karatasi za kaki ninazokatia nguo? Nilikukosoa mkia ule mwaka mzima na hukuuacha. Niliikunja barua nikaiketia. Watu wakiendelea kucheka nilichukua mkasi wa nguo chini ya meza, nikakata pembe ile, nikaificha kwenye kopo la vifungo. Kisha nikakuandikia "ni nani huyo?" nikingoja uniambie. Ulipojibu ni mgeni wa kazi, nilizima taa nikalala saa moja.

Na bado nilikutetea. Niliwaambia watu mwanangu ameshamfuma aliyekosea, mambo yako njiani. Tarehe ishirini na nne Aprili, fundi baiskeli alitoka na debe lake la rangi na brashi. Alishapiga mstari wa kwanza. Nikamkimbilia, nikampokonya brashi mbele za watu. Nilimwambia akichora atamharibia mwanangu kazi. Akaniheshimu, akarudi ndani. Ule mstari mmoja ukafutika kwa magurudumu. Siku tatu baadaye niligongwa, mahali pale pale pa mstari wake.

Kwa hiyo usijitwike mzigo wote peke yako kama mtu anayetafuta sifa. Dakika nne ni zako. Brashi ni yangu. Niliogopa watu wajue kwamba mtoto niliyejivunia ndiye aliyetupoteza, nikaona afadhali wavuke hivyo hivyo. Wangeweza kugongwa wao. Angeweza kugongwa mtoto wa shule. Hilo ndilo linaloniamsha, wala si nyonga.

Jumapili iliyopita niliwaita dukani. Sikuvaa hereni. Niliwaambia yote, la kwako na la kwangu. Wengine waliondoka bila kuaga, na ni haki yao. Fundi baiskeli aliniuliza kama brashi yake bado ninayo. Nilimrudishia.

Umeuliza ufanye nini. Njoo. Ruhusa uliyoiondoa irudishe. Utashuka basi upande wa zahanati, utavuka kwenye mistari, utawaamkia mmoja mmoja. Watakutazama, na wewe utatazamwa. Mimi nimeshatazamwa wiki nzima na bado ninakula.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ile pembe niliyoikata. Iweke chini ya kioo cha meza yako ya masjala, kila ukichukua kalamu nyekundu uione.

Ile miwani nimempa baba yako, anaitumia kutafuta panapovuja. Mimi macho hayajawahi kunisumbua, mwanangu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa naona vizuri.

Shangazi yako